Anga la Goma nalo lipimwe

"Mambo ya anga waachieni Wamarekani, sisi tuna volkano." Ndivyo mheshimiwa mmoja alivyomjibu kijana aliyeuliza, mkutanoni hapa Goma, nani anahesabu elektroni zilizo juu yetu. Ukumbi ukacheka. Mimi bado nimenuna.

Mheshimiwa, volkano hiyohiyo inakusuta! Vipokezi vya GPS vilivyozunguka Nyiragongo na Nyamulagira kufuatilia ardhi inavyovimba vinasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu. Setilaiti moja hutuma kwa masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60. Ionosfera, yaani tabaka la juu la anga lenye elektroni, huyachelewesha yote mawili, lakini yale ya chini huchelewa zaidi. Tofauti yake ndiyo inayokupa elektroni zote za njiani. Wapimaji wa volkano huuondoa ucheleweshaji huo, maana shida yao ni milimita za ardhi. Kwao ni uchafu, kwangu ndio ninaoulilia.

Maana anga letu si la kawaida. Ikweta ya sumaku, mstari ambapo sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, iko kaskazini mwetu, inakatiza Ethiopia. Mchana elektroni hupandishwa pale, kisha hushuka pande mbili, na rundo la kusini linaangukia huku kwetu. Miaka jua likichachamaa, kwenye marundo hayo hupimwa zaidi ya TECU 100 (TECU ni kipimo cha wingi wa elektroni za njiani), na kila TECU moja ni kosa la sentimita 16 kwenye yale masafa ya juu. Mita 16 kwa setilaiti moja! Simu yako ya bei ya chini inajisahihisha kwa namba 8 zilizotungwa kwa dunia nzima, zinapunguza kosa karibu nusu. Aksanti sana. Sasa nenda kapime mpaka wa paseli yako Majengo, jirani akiwa amesimama pale na panga.

Rada kubwa? Peru wanayo Jicamarca tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, inaonyesha elektroni kimo kwa kimo, jambo ambalo GPS peke yake haiwezi. Afrika nzima haina ya aina hiyo. Sawa, ni ghali, sisemi tuuze kobalti ya Kolwezi tuinunue.

Na ndiyo, vita navyo huvuruga GPS. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika hivyo mwaka 2024. Lakini hata mapovu ya ionosfera, yaani sehemu zenye elektroni chache, huzitikisa ishara baada ya jua kuzama. Droni ikipotea saa mbili usiku, utajuaje ni lipi? Vipokezi vya volkano vilikuwa vinasikiliza usiku huohuo. Someni rekodi zake, tena hapahapa Goma.