Nitafutieni Kazi Isiyo na Watu

Wenzangu wakisoma tangazo la kazi macho yanakimbilia mshahara, kisha marupurupu, kisha likizo. Mwenzenu nina swali moja tu: nikiipata hiyo kazi, nitakaa na nani? Mshahara mdogo unaweza kuupangia bajeti. Mtu anayekuja asubuhi, anaegemea kiti chako na kuanza na "mimi si mtu wa kusema watu, lakini…", huyo utampangia bajeti gani?

Matangazo yenyewe nayajua kuyasoma sasa. Wakiandika "awe na uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano", ujue pale pana mtu ameshindikana na wanatafuta wa kumkalisha naye. Wakiandika "awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo", shinikizo ndiye bosi. Na ule mstari wa mwisho, "na majukumu mengine utakayopangiwa na mkuu wako wa kazi", watu huwa wanauruka. Usiuruke. Mabalaa yote huingilia hapo.

Hili la ushirikiano mimi sijalizusha. Kulikuwa na mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, aliyewapa watu kamba wavute, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa kundi, akapima nguvu zao. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913: watu wakizidi kwenye kamba, kila mmoja anavuta kwa nguvu pungufu. Miaka zaidi ya 100 jambo hili linajulikana, na bado kila Jumatatu naambiwa tuunde kikosi kazi! Halafu kwenye hicho kikosi kazi anavuta mmoja, wawili wanamwelekeza namna ya kushika kamba, na wa nne anaandika baruapepe kwamba kazi inakwenda vizuri chini ya usimamizi wake.

Basi nikaomba masjala. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa: faili halisengenyi, halinuni, haliulizi mbona leo umevaa hivyo. Kilichonipita ni kwamba kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe hafiki masjala mpaka akasirike kwanza.

Kuna bwana mmoja wa manunuzi, mimi namwita Bwana Nakala. Anaingia bila hodi, analishika faili kifuani kana kwamba nataka kumpora, analamba kidole gumba, anafunua karatasi moja. Analamba tena. Anafunua. Mimi nimesimama nahesabu amelamba mara ngapi, najiuliza hilo faili likifika kwa mkurugenzi atalishika wapi.

"Folio ya 14 iko wapi?"

"Ndiyo hiyo umeibana na kidole."

"Hii ni kivuli. Nataka halisi."

Halisi anayo yeye, droo ya pili, chini ya kalenda ya mwaka uliopita. Rejista inaonyesha na saini yake ipo. Unafikiri alikwenda kutazama? Aliandika baruapepe ya mistari miwili kuhusu "upotevu wa nyaraka", nakala kwa bosi, nakala kwa bosi wa bosi, nakala kwa mzee mmoja aliyekwisha staafu, ambaye alijibu kwa heshima kwamba naye hajaiona.

Hapo ndipo nilipowaelewa hawa watu. Mtu mkorofi hapendi ofisi yenye kelele, maana hasikiki. Anatafuta chumba kimya chenye mtu mmoja asiye na pa kutorokea. Mimi chumba hicho nilikiomba kwa barua.

Nikahamia zamu ya usiku, chumba cha mitambo. Usiku si kila mtu amelala? Nikiingia mwenzangu wa mchana keshaondoka, hatuonani, namjua kwa mwandiko tu. Kumbe mwandiko unatosha. Kwenye kitabu cha makabidhiano, pale panapotakiwa kuandikwa hali ya mtambo, nikakuta kwa wino mwekundu: "KITI KIMESHUSHWA. NANI?" Jamani, tuko wawili. Nikaandika chini yake, "Mtambo uko sawa." Kesho yake: "SIKUULIZA MTAMBO." Nikakipandisha kiti. Akaandika kimepanda mno. Tukaendelea hivyo, yeye kwa nyekundu, mimi kwa buluu, mpaka msimamizi alipokuja kukagua akauliza mtambo ulizima lini, na kitabu kizima hakikuwa na jibu, ila historia ya kiti ilikuwa imekamilika.

Ya kufanyia kazi nyumbani sitaki hata kuyaeleza. Mikutano yote ni mtu kukuambia hausikiki, na ukisikika anakuambia kuna mwangwi. Na yule wa "nina dakika moja tu" sasa anapiga simu wakati wowote, maana zamani walau angetembea korido nzima kunifikia, na angeweza kukutana na mwingine njiani.

Sasa sikieni lililonikuta. Uongozi umekaa, umepitia majalada ya wafanyakazi wote, ukaona mimi peke yangu sina ugomvi na mtu. Ningeupata wapi, nami hukwepa hata lifti ikiwa na mtu ndani? Wao wakaandika barua: "Kutokana na uhusiano wako mzuri na watumishi wenzako, umeteuliwa kuwa katibu wa kamati ya malalamiko." Nikapeleka pingamizi. Bosi hakubishana nami, alifungua mkataba wangu ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye ule mstari wa majukumu mengine.

Lalamiko la kwanza limefika leo asubuhi, limeandikwa kwa wino mwekundu. Mlalamikiwa: mimi. Kosa: hasalimii watu. Utaratibu wa kamati unataka mlalamikaji na mlalamikiwa waitwe chumba kimoja, wakae wakitazamana, kila mmoja aeleze yaliyo moyoni, na katibu aandike yote bila kuegemea upande. Nimeshajiandikia barua ya wito, na nakala kwa Bwana Nakala, kwani mwenyekiti wa kamati ndiye yeye.