Gemu ya safari ya Mirihi: namba za kweli au msisimko?

Mwili wa mwanaanga hudhoofika polepole, ilhali gemu huishi kwa mambo yanayotokea haraka. Mabishano karibu yote kuhusu gemu ya kufundishia biolojia ya safari za anga yanaanzia hapo. Wapo wanaosema weka namba zilizopimwa, hata kama skrini itaonekana imelala. Wapo wanaosema mwanafunzi asiyeona kitu kikitokea hajifunzi chochote, kwa hiyo kuza madhara mara kumi ayahisi. Kila upande una hoja. Kosa ni kuchagua kanuni moja na kuibandika kwenye mwili mzima, wakati mfupa, damu na mionzi havifuati mwendo mmoja.

Chukua mfupa. Bila mazoezi, mwanaanga hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Safari ya kwenda Mirihi huchukua miezi sita hadi tisa. Tuseme siku 180. Ukizigawa kwa hatua za saa sita unapata hatua 720, na ukipitisha hatua moja kwa sekunde safari inaisha kwa dakika 12, muda unaoingia vizuri ndani ya kipindi cha dakika 40. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, kila hatua inaondoa asilimia 0.0083. Hadi kutua, mfupa umepungua asilimia 6. Kwenye mstari wa afya wenye urefu wa pikseli 100, hizo ni pikseli sita zilizoyeyuka kwa dakika 12. Hakuna mtoto atakayeziona.

Wapenda msisimko wana haki ya kulalamika hapo, ila dawa yao ni mbaya. Ukizidisha mara kumi, mwanaanga anatua akiwa amepoteza asilimia 60 ya mfupa, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba nusu mwaka angani ni hukumu ya kifo. Hatakuwa na namna ya kuelewa kwamba Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo katika kituo cha anga cha Urusi, Mir, kuanzia 1994 hadi 1995, akarudi mzima. Njia iliyo bora ni kubadili kipimo cha kuonyeshea na kuiacha namba ilivyo. Mstari uanzie asilimia 85 na uishie 100, na uandikwe hivyo waziwazi pembeni. Asilimia 6 ileile sasa inakula asilimia 40 ya mstari, na hakuna aliyedanganywa.

Makosa mawili ya msimbo huharibu sehemu hii hata pale namba zilipokuwa sahihi. La kwanza ni kuhifadhi mfupa kama namba kamili: 0.0083 inakadiriwa kuwa sifuri na mfupa haupungui kamwe. La pili ni kupunguza kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, badala ya kila hatua ya muda. Simu inayochora fremu 60 kwa sekunde itamzeesha mwanaanga wake mara tatu ya simu ya bei nafuu inayochora 20, na vikundi viwili darasani vitapata majibu tofauti kwa maamuzi yaleyale. Katika programu za kutengenezea gemu kama Godot au Unity, hesabu ya mwili iendeshwe na saa yake yenye hatua zisizobadilika, na uchoraji ufuate nyuma.

Damu na maji ya mwili ni habari nyingine. Ndani ya saa chache za kukosa uzito, takriban lita mbili za maji huhama kutoka miguuni kwenda kifuani na kichwani. Uso unavimba, miguu inakonda, mwili unahisi kama una maji ya ziada, na plazima, sehemu ya majimaji ya damu, inapungua kwa asilimia 10 hadi 15 kisha inatulia. Zaidi ya nusu ya wanaosafiri hupata kichefuchefu katika siku mbili tatu za mwanzo. Ukweli wenyewe una kasi inayotosha gemu, kwa hiyo hakuna sababu ya kutia chumvi. Mlingano ni mfupi: thamani mpya ni ya zamani, ukijumlisha tofauti kati yake na lengo (kiwango ambapo plazima itatulia) mara 0.15, kwa kila hatua ya saa sita. Baada ya siku tatu umeshafika takriban asilimia 86 ya badiliko lote. Angalizo liko kwenye kitufe cha kuharakisha. Ukikifanya kizidishe ile 0.15 mara nane unapata 1.2, na plazima itaanza kuyumba juu na chini ya lengo bila sababu yoyote ya kibiolojia. Kitufe kiendeshe hatua nane ndogo kwa mpigo, basi.

Mgogoro mkubwa zaidi uko kwenye mionzi, na hapa sidhani kama upande wowote una jibu kamili. Kifaa cha kupima mionzi cha RAD, kilichokuwa ndani ya chombo kilichobeba roboti ya Curiosity, kilipima wastani wa milisieverti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 1.84 kwa siku njiani kwenda Mirihi, na takriban 0.64 kwa siku juu ya ardhi yake. Fanya hesabu ya safari ya siku 180 kwenda, 500 za kukaa na 180 za kurudi: 331, jumlisha 320, jumlisha 331. Inakaribia milisieverti 980. Kikomo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600. Maana yake, mchezaji mwaminifu anavuka kikomo takriban siku ya 420 ya kukaa kwake Mirihi, hata afanye nini. Gemu yenye namba za kweli haishindiki.

Watengenezaji wengi hushawishika kumuua mwanaanga pale mstari unapofika 600. Ni uongo mkubwa kuliko ule wa mfupa, kwa sababu 600 ni mpaka wa kiutawala; seli hazijui kwamba umeuvuka, na hakuna anayeumwa siku hiyo. Kinachobadilika ni uwezekano. Kwa makadirio yanayotumika sana, sieverti moja (milisieverti 1,000) iliyokusanywa kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa takriban asilimia 5. Uonyesho wa haki, kwa hiyo, ni kumaliza safari kwa picha ya watu 100 na kuwatia rangi watano wa ziada. Wanaopinga wanasema watano kati ya mia wataonekana wachache na mwanafunzi atapuuza. Wanaongeza kwamba makadirio hayo yameegemea sana manusura wa Hiroshima na Nagasaki, waliopigwa na mionzi ya aina nyingine na kwa mkupuo, tofauti na chembe nzito za anga zinazopita mwilini kidogo kidogo. Hoja hiyo ya pili ni nzito, na ningeiweka ndani ya gemu yenyewe: idadi ya waliotiwa rangi isiwe moja tu, iwe kati ya ya chini na ya juu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa hilo akipewa nafasi.

Kinga nayo ifuate fizikia. Gemu nyingi huuza ukuta mnene wa alumini kama suluhisho la kila mionzi. Ukuta na chumba cha hifadhi husaidia kweli dhidi ya dhoruba za jua, kama ile ya Agosti 1972 iliyopiga kati ya safari za mwezini za Apollo 16 na Apollo 17, wakati kwa bahati hakukuwa na mtu njiani. Mionzi itokayo nje ya mfumo wa jua ina nguvu ya kupenya, na ikigonga metali huzaa chembe nyingine ndani ya chombo. Maji na plastiki ya polithini, vyenye hidrojeni nyingi, hufanya kazi nzuri zaidi kwa uzito uleule. Kwa hiyo mchezaji apewe uamuzi wa kuyapanga matangi ya maji kuzunguka chumba cha kulala. Hapo anajifunza kitu ambacho ukuta wa kununua dukani hauwezi kumfundisha.

Kuhusu mazoezi, wapenda namba hujisahau. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga ratiba hutenga kama saa mbili na nusu kwa siku, pamoja na muda wa kuandaa vifaa, na mashine ya ARED, ya mazoezi ya kuinua uzito, iliyofikishwa huko 2008 imesaidia sana kuulinda mfupa. Ukiweka kitelezi (kitufe cha kuburuta) cha mazoezi bila gharama, kila mchezaji atakisukuma hadi mwisho na gemu itakuwa imekufa. Gharama za kweli zipo: saa zinazoondolewa kwenye usingizi na matengenezo, chakula zaidi, oksijeni zaidi ya ile kilo 0.84 ya kawaida kwa mtu kwa siku. Maji si gharama kubwa kama watu wanavyodhani, kwani kufikia 2023 kituo kiliweza kurejesha asilimia 98 ya maji yake; muda wa kuitunza mitambo hiyo ndio gharama.

Na anayetaka msisimko autafute figoni. Kalsiamu inayotoka mfupani hupita kwenye mkojo na kuongeza hatari ya mawe ya figo, hasa kwa asiyekunywa maji ya kutosha. Unganisha mfupa, mkojo na jiwe kwa mishale mitatu na utapata dharura ya kweli katikati ya safari, maumivu makali, hakuna hospitali, na ujumbe unaochukua hadi dakika zaidi ya 20 kufika Dunia. Tukio hilo limezaliwa na maamuzi ya mchezaji mwenyewe wiki nyingi nyuma. Kutua pia kuna drama yake: mtu mwenye plazima pungufu akisimama ghafla katika mvuto wa Mirihi, asilimia 38 ya ule wa Dunia, anaweza kuzirai mlangoni mwa chombo.

Maandishi nayo yachungwe. Gemu inayosema kituo cha anga kiko mahali pasipo na mvuto imefundisha kosa. Kwenye kimo cha kilomita 400 mvuto bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini, na wanaanga hawana uzito kwa sababu wao na chombo wanaanguka pamoja bila kukoma. Weka maneno yote kwenye faili la pembeni, Kiswahili na Kiingereza, maana Tanzania hufundisha sayansi ya msingi kwa Kiswahili na ya sekondari kwa Kiingereza.

Bado lipo pingamizi zito kuliko yote: mwalimu mwenye chaki anaweza kuchora mistari hii mitatu ya mfupa, damu na mionzi ubaoni kwa dakika kumi, bila umeme wala vishikwambi. Ni kweli, na gemu isiyo na maamuzi yanayogongana haina la kumzidi mwalimu huyo. Lipimeni hilo kabla ya kupaka picha rangi. Chukueni darasa moja, nusu wacheze na nusu wafundishwe ubaoni, kisha waulizwe swali ambalo hakuna aliyepewa jibu lake: mazoezi yakikatwa nusu kwa mwezi mmoja, ni nini kitakachobadilika kwanza, na kwa nini mionzi haitabadilika? Kama waliocheza hawajibu vizuri zaidi, rekebisheni gharama za maamuzi kwanza. Michoro ya roketi inaweza kusubiri.