Eyam haikuhitaji mtambo wa viumbe wa sayari nyingine
Kuna mwandishi anayedai kwamba hadithi ya wasafiri wa wakati wanaotua katika kijiji chenye tauni haina uzito mpaka wafukue mtambo uliofichwa na viumbe wa sayari nyingine. Nakataa kabisa. Chukueni Eyam, kijiji cha Derbyshire, Uingereza: mwaka 1665 robota la kitambaa lenye viroboto lilifika kwa fundi wa nguo kutoka London, na tauni ikaanza kuua. Kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley wakawaomba watu wasitoke, ugonjwa usivuke kwenda kwa majirani. Wakakubali! Chakula kiliachwa mpakani, nao wakalipa kwa sarafu zilizolowekwa siki. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake mwenyewe. Ukiweka hapo mtambo huo wa viumbe uje kuponya tauni, ujasiri wa watu hawa unabaki wapi? Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tulifungiwa Mei 2020 wakati wa korona, na najua ilivyo kusimama upande huu wa kizuizi na nduguyo yuko ule, mnapokezana unga na dawa za presha za mama. Wasafiri wenyewe nawataka, maana mtu anayejua bakteria wa tauni, aliyetambuliwa na mwanasayansi Alexandre Yersin mwaka 1894, akijaribu kumweleza mwanakijiji wa 1666 habari za kiroboto, hicho ni kisa tosha. Wenzangu mliokuwa ndani ya vizuizi vile, nyinyi mngeianzia wapi hadithi hii?