Mlima Wenyewe Ndio Ngome

Kila vuli, wageni wakishamiminika Takeda, magofu ya ngome ya mlimani huko Japani, maneno yanakuwa yaleyale: tumepanda, tumetoka jasho, tumefika juu, hakuna kitu, mawe tu. Kwenye ngome za udongo lawama ni kali zaidi, kwa kuwa huko hata mawe hakuna, na mtu anashuka akiwaonya wenzake wasipoteze muda. Inaniuma sana. Mtu amepita ndani ya ngome njia nzima, amevuka vizuizi vyake vyote kimoja baada ya kingine, kisha anafika kileleni na kuuliza ngome iko wapi.

Kilichotuharibu macho ni mnara mweupe wa ngome ya Himeji. Tumeuona kwenye picha mpaka tukaamini kwamba bila mnara hakuna ngome. Lakini minara mikubwa ya namna ile ilikuja mwishoni. Ngome ya Azuchi ya mbabe wa vita Oda Nobunaga, iliyokuwa mfano wa nyingi zilizofuata, ilianza kujengwa mwaka 1576, mnara wake ukakamilika 1579, na kufikia 1582 ulikuwa umeshateketea. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, ngome ya mlimani ilichimbwa zaidi kuliko ilivyojengwa. Mabanda ya juu yalikuwa ya mbao, na mbao zimeoza au kuungua. Udongo uliochimbwa bado upo.

Basi usikimbilie kileleni. Anza na mgongo wa mlima. Jeshi linaloshambulia hupenda kupita mgongoni, maana ubavuni ni mwinuko mkali na miguu inateleza. Waliojenga walilijua hilo, wakaukata mgongo kwa kuukingama. Handaki hilo ndilo horikiri. Ukiwa unatembea juu ya mgongo, njia ikazama ghafla na kupanda tena upande wa pili, simama hapo. Tazama ncha zote mbili za handaki. Kama linaendelea kuteremka ubavuni kulia na kushoto, umeshaiona na tatebori, handaki la kushuka na mteremko, lililowekwa ili adui aliyezuiwa mgongoni asizunguke kwa pembeni. Akiingia ndani yake hana pa kwenda ila kupanda kwa mstari mmoja, na walio juu wanampokea kwa mawe na mishale.

Wengi hukosea kwa kuchanganya tatebori na korongo la maji. Korongo huanza taratibu, jembamba, halafu hupanuka kadiri linavyoshuka, tena hupinda. Handaki la kuchimbwa huanza kwa mkato mkali ukingoni mwa uwanja, hunyooka, na mara nyingi yako kadhaa sambamba. Kumbuka pia kwamba unachokiona kimejaa majani na udongo wa zaidi ya miaka 400. Handaki linalokufika kifuani leo huenda lilimzamisha mtu mzima.

Kisha inua macho. Mteremko ulio juu ya handaki ni mkali kuliko mlima unaouzunguka, kwa sababu ulichongwa. Juu yake pamesawazishwa, na huo ni uwanja wa walinzi, kuruwa. Tafuta mlango wake, koguchi: njia inapinda kwa pembe kali, wakati mwingine mara mbili, huku tuta likiwa juu ya bega lako. Simama kwenye kona hiyo ujiulize nani anakuona. Mlinzi aliye juu ya tuta anakuona ubavu, na ukishapinda anakuona mgongo. Hiyo ndiyo kazi ya ngome, na unaielewa kwa mwili wako mwenyewe bila kibao cha maelezo.

Kwa anayeanza, nampeleka ngome ya Yamanaka, mjini Mishima, kwenye barabara ya kale ya kupanda milima ya Hakone. Ukoo wa Hojo ulichimba pale mahandaki yaliyogawanywa ndani kwa kuta za udongo, yakatoka kama vyumba vyumba. Anayeanguka chumba kimoja hawezi kukimbilia kingine. Lazima apande udongo mwekundu wa volkano, ambao ukilowa unateleza vibaya. Hakuna ukuta hata mmoja wa mawe. Leo mahandaki yamefunikwa nyasi ili mvua isiyamomonyoe, kwa hiyo usishuke ndani hata kama hakuna anayekuona. Ngome hii ilianguka mwaka 1590 kwa nusu siku tu mbele ya jeshi la Toyotomi Hideyoshi, mrithi wa madaraka ya Nobunaga, na wapo wanaotumia hilo kusema mahandaki hayakufaa. Walinzi walikuwa maelfu machache, waliokuja makumi ya maelfu, na upanuzi wenyewe haukuwa umekwisha. Udongo usiwe wa kulaumiwa.

Tafuta na kisima. Ngome iliyozingirwa huuawa na kiu au tumbo. Ngome ya Gassan Toda ya ukoo wa Amago ilijisalimisha mwaka 1566 baada ya kuzingirwa muda mrefu, na Tottori mwaka 1581 ilikomeshwa kwa njaa baada ya Hideyoshi kununua mchele wa eneo lile mapema.

Sasa Takeda. Kilele kiko mita 353.7, na kuta za mawe yasiyochongwa zimetandaa takriban mita 400 kutoka kaskazini hadi kusini. Iliachwa mwaka 1600, na kuta zimesimama bila saruji hata chembe. Nyuma ya mawe ya usoni kuna tabaka la kokoto la kupitisha maji. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia: udongo ukipenya na kuziba kokoto, maji ya mvua hukosa njia, ukuta unavimba tumbo, mawe madogo ya kukazia yanachomoka, na mizizi ya miti inamalizia. Ukiona tumbo hilo, au kokoto mbichi chini ya ukuta, pita mbali. Na usikanyage ukingo wa juu kwa ajili ya picha. Jiwe la ukingoni halijashikwa na kitu isipokuwa uzito wake. Katikati ya miaka ya 2010 watu zaidi ya 500,000 walipanda kwa mwaka mmoja, ardhi ikachakaa hadi mizizi ikabaki nje, ndipo zikaja kamba na njia ya kuelekea upande mmoja. Wanaolalamikia kamba wajue zimeletwa na nyayo.

Picha ya ngome inayoelea juu ya ukungu, nakubali, imeleta fedha za matengenezo. Lakini haipigwi ndani ya ngome. Inapigwa Ritsuunkyo, mlima wa ng'ambo ya bonde, alfajiri ya vuli, baada ya usiku wa baridi usio na mawingu, ukungu wa mto Maruyama unapopanda. Anayetaka picha aende huko, awaachie kuta nafasi ya kupumua.

Pembe ya ukuta iliyobomolewa kwa umbo la V, kama kule kwenye ngome ya Nagoya ya Hizen, kisiwani Kyushu, haikuchakazwa na umri. Ilivunjwa makusudi ili ngome isitumike tena.

Ngome ya Gifu nayo ina mnara wa zege wa mwaka 1956 juu ya mlima Kinka, mita 329. Sawa, kutoka ghorofani unaliona bonde lote la mto Nagara, na unaelewa kwa nini Nobunaga aliutaka mlima ule na kuutwaa mwaka 1567. Ila watu wanatoka kwenye gari la kamba na kuzipita kuta halisi za wakati wake bila kugeuza shingo.

Nenda mwisho wa Novemba hadi Machi, majani yameanguka na mahandaki yanaonekana. Penye theluji nyingi subiri iyeyuke, na Takeda angalia kwanza siku za kufungwa. Kiangazi hutaona kitu ila vichaka, na utakutana na kupe, nyoka na nyigu wakubwa, ambao huwa wakali zaidi kuelekea vuli. Vaa kengele ya kuwaonya dubu, fimbo iwe na kofia ya mpira ili isichimbe matuta, na uzio wa nguruwe mwitu ukiufungua, ufunge nyuma yako. Hatari kubwa iko kwenye kushuka. Ukipanda, migongo yote inakusanyika kileleni. Ukishuka inatawanyika, na majani makavu yameficha njia. Wakati wa kupanda, kila panapogawanyika geuka utazame nyuma, upige picha ya njia uliyotokea, na uanze kushuka mapema, maana chini ya mierezi giza halisubiri jua lizame.