Hivi vifuko vya nyanya vinakera

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019. Lakini nenda sokoni leo ununue nyanya za mia tano: unafungiwa kwenye kile kifuko chepesi kinachoonyesha, bila hata kuulizwa. Pilipili kifuko chake, ndimu kifuko chake. Kile ni kifungashio tu, hakikukusudiwa kuwa mfuko wa kubebea! Chupa za maji angalau waokotaji wanazikusanya na kuziuza kwa kilo, zikasagwe zitumike tena. Kifuko hakina uzito, kimeloa maji ya nyanya na mchanga, nani ahangaike nacho? Kinaishia mtaroni, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kwa watu. Kikapu kina ubaya gani jamani? Wauzaji, tuulizeni kwanza kabla ya kutufungia.