Aliyekuja nyuma yetu akaingia kwanza

Jana nilimpeleka mama mdogo kutolewa P.O.P, ile plasta ya mkono uliovunjika, na tulipopita mbele ya jengo la dharura hasira ya wiki sita ikaamka upya. Hospitali siitaji. Ni ya umma, iko hapahapa Dar, na kila mmoja wenu anayo ya kwake inayofanana nayo.

Usiku ule tulifika saa mbili. Aliteleza uani, akaangukia mkono, kifundo kikavimba mpaka bangili ikazama kwenye nyama. Tukaandikishwa, tukalipia kadi, sista akampima presha, akambana kidole na kile kipimo cha oksijeni, akajaza karatasi, akasema, "Kaeni pale, mtaitwa." Basi. Hatukuambiwa neno lingine mpaka saa saba kasoro.

Kwenye saa nne akaingia dada mmoja kambeba mtoto wa kama miaka miwili ndani ya khanga. Hakukaa hata kidogo, mlinzi alimfungulia mlango moja kwa moja. Mdogo wangu, huyo mtoto wa mama mdogo, akasimama: "Sista, sisi tuko hapa tangu saa mbili! Huyu kaja sasa hivi. Ni ndugu yenu?" Benchi zima likamuunga mkono. Sista, binti mdogo tu, jasho limelowesha kola ya gauni lake, akageuka: "Kaka, yule mtoto anapumua mara sitini kwa dakika. Nimwache asubiri?"

Kukawa kimya. Mdogo wangu akakaa, akainamisha kichwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni hicho. Maneno yale machache yaliwatuliza watu wote pale, na tuliyasikia kwa sababu tu kuna mtu alifoka. Tungeambiwa mapema, asingefoka mtu, na yule binti asingetukanwa usiku kucha kwa kufanya kazi yake sawasawa.

Dharura haiendi kwa kuwahi. Kuna mfumo uliobuniwa Cape Town ambao umeenea hospitali nyingi za Afrika, wenye rangi nne: nyekundu aonwe papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya dakika 60, kijani ndani ya saa 4. Rangi inatokana na vitu vinavyopimika: pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto, kama mtu anatembea, kama anajitambua. Hata hospitali isiyotumia rangi hizo ina namna yake ya kuchuja nani hawezi kusubiri. Lakini ukutani mbele yetu palikuwa na bango la kunawa mikono na tangazo kwamba kumtukana mtumishi ni kosa. La kutueleza tunasubirije, hakuna.

Na tusidanganyane, kujuana kupo. Nimewahi kuona kwa macho yangu mtu anapiga simu nje, dakika mbili baadaye anafuatwa mlangoni, naye anatembea kwa miguu yake na kucheka. Mlango aliopita ndio huohuo aliopita yule mtoto wa pumzi sitini. Ukiwa umekaa kwenye benchi hujaelezwa kitu, haki na upendeleo vinafanana kabisa. Mwisho wake tunamtuhumu kila anayetupita, na wale wanaopenyezwa kweli wanajificha humohumo.

Sasa tuje kwenye zile saa tano tulizosubiri. Kwa rangi hizo, mkono uliovunjika bila kidonda ni njano, yaani saa moja tu. Na mama mdogo hakupewa hata kidonge cha maumivu, hilo halina utetezi. Nilikuwa nimeshawahukumu madaktari kwamba wamelala. Tulipoitwa nikaona: machela zote zina watu. Kando ya pazia kulikuwa na mzee amelala na dripu, mwanawe akaniambia, "Sisi tulishaonwa tangu asubuhi, tunasubiri kitanda wodini." Aliyefuata vilevile. Wa tatu vilevile. Daktari alikuwepo, anakimbia, ila hana pa kumlaza mgonjwa mwingine.

Huko wodini nakujua, nilimuuguza baba. Alipewa ruhusa saa nne asubuhi daktari alipopita raundi. Faili likaenda famasia, likaenda kwa watu wa bima, likarudi kwa sababu sahihi moja haikuwepo, kisha tukasubiri namba ya malipo, mtandao ukawa chini. Tulitoka saa kumi na moja jioni. Siku nzima kitanda kimekaliwa na mtu aliyekwisha kuruhusiwa! Foleni ya dharura ya saa mbili usiku inaanzia pale, kwenye faili linalozunguka mchana. Hata Uingereza, waliojiwekea lengo kwamba wagonjwa 95 kati ya 100 wawe wametoka dharura ndani ya saa 4, hawajalifikia tangu Julai 2015, na wodi zilizojaa ni sababu kubwa.

 

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bango haliongezi kitanda. Nakubali pia kwamba fani yenyewe ni changa kwetu: idara kamili ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na ubingwa wake ukaanza kufundishwa MUHAS mwaka huohuo. Lakini siafiki wanaosema wananchi wakizijua rangi wataigiza ugonjwa. Presha haiigizwi. Waandike rangi na dakika zake ukutani kwa Kiswahili, na kila saa mtu mmoja atoke aseme ndani kumejaa kwa sababu gani, awapime tena waliokaa, maana wa njano wa saa mbili anaweza kuwa mwekundu saa tano.

Jana ukuta ulikuwa vilevile, tangazo la matusi limewekewa fremu mpya. Baba mmoja kwenye benchi alikuwa anafoka kwamba kijana aliyekuja nyuma yake kaingizwa. Mama mdogo akamsogelea, akamshika bega, akamuuliza, "Baba, ulimwona anavyopumua?"