Msaada wa programu ukae ndani ya kompyuta au mtandaoni?

Katika maofisi na maduka mengi ya Lubumbashi, kuanzia katikati ya mji hadi Kampemba na Katuba, programu hufanya kazi siku nzima bila intaneti. Kuandika barua, kutunza stoku, kuhesabu mishahara, kuchapa risiti: yote hayo kompyuta inayafanya peke yake. Mtandao hufunguliwa kwa muda mfupi, mara nyingi kwa simu ya mtu aliyenunua mega za intaneti kwa pesa zake, barua pepe zikishaondoka unafungwa. Lakini maelezo ya programu hizo hizo, yaani msaada wake, yale ambayo mtu akibonyeza kitufe cha F1 anatarajia kuyaona, siku hizi yamehamishiwa mtandaoni. Programu iko mezani kwako, maelezo yake yako kwenye seva ng'ambo.

Naona wamekosea, ingawa waliofanya hivyo wana sababu zao na baadhi ni nzito.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilikuwa na mwongozo wake tangu 1971, na mpaka leo kwenye Linux, mfumo wa aina hiyo hiyo, ukiandika man na jina la amri, maelezo kwa kawaida yanatoka kwenye diski yako mwenyewe. Windows 3.0 ya 1990 ilikuja na mafaili ya msaada ya .hlp, kisha 1997 Microsoft ikaleta yale ya .chm. Ulipokuwa ndani ya dirisha la kuchapisha ukabonyeza F1, ulifunguka ukurasa wa kuchapisha. Ufundi wake si mgumu: kila dirisha linapewa namba, na kila namba inaelekeza kwenye ukurasa wake. Ilipofika Windows 10, mwaka 2015, kubonyeza F1 kwenye uso wa kompyuta kulikuwa kunafungua kivinjari na kutafuta kwenye Bing.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukitazama kazi yenyewe. Chukua mfanyakazi wa duka la dawa anayeingiza mzigo mpya. Kisanduku cha tarehe ya kuisha dawa kinakataa, maandishi mekundu yanatokea: « format invalide », yaani umbo la tarehe halikubaliki. Swali lake ni moja tu: boksi la dawa limeandikwa mwezi na mwaka, programu inataka na siku, aweke siku gani? Maelezo yaliyofungwa kwenye kisanduku kile yangemjibu kwa mistari miwili: andika siku, mwezi, mwaka; kama boksi halina siku, weka siku ya mwisho ya mwezi huo. Badala yake anabonyeza alama ya kuuliza, kivinjari kinafunguka, ukurasa mweupe. Akiunganisha simu yake, anatupwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, video ya kuwakaribisha wageni inaanza kucheza na mega zinakwenda. Mteja amesimama mbele yake. Basi anaandika tarehe yoyote ambayo programu itaikubali, na dawa inapanda rafuni ikiwa na tarehe ya uongo.

Sasa tuwasikilize waliouhamisha msaada. Hoja yao ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote: maelezo ya kwenye diski yanazeeka, na maelezo yaliyozeeka yanapotosha. Wahasibu wa hapa wanalijua vizuri. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, halafu mfumo wa hesabu wa SYSCOHADA ukarekebishwa na toleo jipya likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Programu ya uhasibu iliyowekwa kabla ya hapo, na maelezo yake ndani, itaendelea kumfundisha kijana wa stage (mwanagenzi) mpangilio wa zamani kwa sauti ya uhakika kabisa. Ukurasa wa mtandaoni ungerekebishwa mara moja na wote wangeuona.

Hoja ya pili ni gharama. Kuunganisha kila dirisha na ukurasa wake ni kazi isiyokwisha, kwa sababu mwandishi wa programu akigawa dirisha moja kuwa mawili, namba zinavurugika na F1 inafungua ukurasa usiohusika, au hakuna kitu. Zidisha hilo kwa lugha kadhaa. Kuna na usalama pia: mafaili ya .chm yalitumiwa na wahalifu kuingiza virusi, na mwaka 2005 Microsoft ilizuia yale yanayofunguliwa kupitia mtandao. Hofu hiyo haikuwa ya bure, lakini inahusu aina moja ya faili. Kurasa za kawaida zinazosomwa ndani ya programu hazina mlango huo.

Wengine husema watu hawasomi msaada hata ukiwepo, wanauliza wenzao. Ni kweli. « Yaya (kaka au dada mkubwa), hii inataka nini? » na vocal, ujumbe wa sauti, ya WhatsApp ndiyo njia ya kwanza ya wengi mjini humu. Ila yule yaya naye alijifunza mahali, na yeye si wa kupatikana kila saa. Tena anajibu kwa kompyuta yake, si kwa yako.

Hapo ndipo ninapoona upande wa mtandaoni unasahau jambo kubwa. Maelezo ya mtandaoni mara nyingi yanaeleza toleo jipya. Kompyuta nyingi za hapa zina matoleo ya zamani, kwa sababu kupakua jipya ni mamia ya mega na kompyuta yenyewe pengine haiwezi kulibeba. Mtu anasoma « bonyeza kitufe cha juu kulia », na kwake juu kulia hakuna kitufe. Maelezo yaliyokuja na programu yanazeeka pamoja nayo, na kwa habari ya vitufe, madirisha na ujumbe wa makosa, hicho ndicho mtumiaji anachohitaji. Ni sheria, viwango na bei zinazobadilika nje ya programu, na hizo kweli zikae mtandaoni. Asilimia 16 ya TVA, kodi ya ongezeko la thamani, haina sababu ya kugandishwa ndani ya ukurasa wa msaada.

Halafu fikiria délestage, mgao wa umeme. Umeme ukikatika, laptop inabaki na betri yake, programu inaendelea, lakini kisanduku cha wifi kimezimika. Kazi ipo na msaada umeondoka, katika saa ile ile. Na si umeme tu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, serikali ilikata intaneti nchi nzima kuanzia tarehe 31 kwa karibu siku 20. Mishahara ya Januari ilipaswa kuhesabiwa hivyo hivyo.

Wanaosema haiwezekani kuchanganya yote mawili waangalie KoboCollect, programu ya kujazia fomu inayotumiwa na wakusanya takwimu wengi nchini. Fomu inajazwa bila mtandao, na chini ya kila swali aliyeitengeneza anaweza kuandika dokezo: uhesabu na watoto waliolala hapa jana, usihesabu wageni wa mchana. Msaada umekaa pale pale swali lilipo, katika lugha ya anayeuliza, na fomu ikibadilishwa, toleo jipya linashuka na maelezo yake mtandao unapopatikana. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, nayo ina kifurushi cha msaada cha kuweka kwenye diski: programu yenyewe ni zaidi ya mega 300, kifurushi hicho ni mega chache tu. Kwenye Windows kinapakuliwa peke yake, ndiyo maana wengi hawajui kipo. Ni halali kukinakili kwa flash na kuwagawia ofisi nzima, na ningependa kila fundi anayeweka LibreOffice mjini humu akiweke bila kungoja kuombwa.

Kwa wanaonunua programu za kutengenezewa, shule, zahanati, maduka ya jumla, jaribio ni fupi na lifanywe kabla ya malipo ya mwisho: zima wifi, fungua dirisha linalotumika kila siku, andika kitu kibaya kwa makusudi, ubonyeze F1. Vijana wetu wanaoandika programu watasema kuandika msaada wote huo kunakula muda usiolipwa, na wana haki, kwa hiyo uandikwe kwenye mkataba na ulipiwe. Hata hivyo hawalazimiki kuanza na kitabu kizima. Kila mmoja wao anajua makosa 10 yanayomletea simu nyingi kila juma. Hayo aanze nayo, mistari miwili miwili, ndani ya ujumbe wenyewe wa kosa.